Mushuke Tupatane

Dale ilianguka tukiwa bado na utamu wa soda mudomoni. Tulikuwa tunarudi kutoka kwenye upatanisho, bamama wote wa shirika letu la sala, tumevaa kitenge kimoja kipya, tunacheka njiani kama mabibi harusi. Tukasikia ardhi inaguna. Mutu wa Goma akisikia ardhi inaguna anaangalia kwanza mulima. Tukaangalia. Mulima ulikuwa umetulia na moshi wake. Ndipo tukaona vumbi la simenti likipanda nyuma ya kanisa.

Tulipofika, tangi letu lilikuwa wazi juu. Kifuniko chake cha simenti, ile dale tuliyoimwaga kwa mikono yetu, kilikuwa kimelala chini ndani vipandevipande. Mama mumoja munene, mucheshi wetu, aliketi juu ya jiwe akalia bila sauti. Huyo sikuwahi kumwona akilia, hata siku tulipokimbia volkano na sufuria za maharagi vichwani.

Nieleze tangu mwanzo.

Huku kwetu Mabanga maji hayatoki bombani wakati mutu anapoyataka, yanatoka wakati yenyewe yanapotaka. Yakikauka, tunanunua kwa muuza maji wa avenyi yetu, mutaa huu wetu, anayeyaleta kutoka ziwani kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, bidoni, yale madumu ya plastiki, zimefungwa kwa kamba. Ni maji ya ziwa vile yalivyo. Mutoto wa binti yangu aliyanywa akalazwa na kipindupindu, akabaki macho tu. Alipopona nikawaambia bamama wa shirika: kiangazi kingine kisitukute hivi. Tujenge tangi la kukinga mvua ya bati la kanisa.

Mawe hayakutusumbua. Volkano ilitupora nyumba, ikatuachia mawe. Nilisema yalipe basi. Tuliyavunja kwa nyundo, tukayabeba mugongoni, tukaimba. Miezi yote hiyo muuza maji alikuwa akipita na chukudu yake akitucheka.

"Bamama, munajenga kaburi la nani?"

"La bidoni zako, papa," alimjibu yule mucheshi.

Hakuna aliyetupinga tukichimba. Hakuna aliyetupinga tukipanga mawe. Mimi shule niliiacha mapema, Biblia naisoma kwa kidole, polepole. Lakini habari za Nehemia nilizisoma mara nyingi, kwa sababu huyo alikuwa mutu wa mawe kama sisi. Na niliona jambo: ukuta ulipokwisha kuzibwa, ikabaki milango tu, ndipo maadui wake walipomtumia habari kwa adabu, aje wakutane bondeni. Alipoanza walimcheka. Alipokaribia kumaliza wakamuita. Akawajibu kwamba ana kazi kubwa, hawezi kushuka.

Basi sisi tulimwaga dale. Chini yake, ndani ya tangi, ilishikiliwa na miti ya mikaratusi, kwa sababu simenti mbichi ni kama mutoto muchanga, haijibebi. Lilibaki tundu dogo la kuteka maji, na mufereji wa kutoka batini. Wiki hiyo hiyo papa wa shirika, kiongozi wetu wa sala, akaja na uso wa Pasaka.

"Bamama, muuza maji anaumia moyo. Anaomba mupatane. Amenunua soda."

Nikamwambia, "Papa, sisi hatujagombana naye. Dale ikikauka tutakunywa hiyo soda."

"Mama, utapokea komunyo namna gani na ndugu yako ana neno na wewe? Mukuje wote. Upatanisho wa nusu si upatanisho."

Hapo alitushika. Katika shirika, mutu akiomba kupatana, huwezi kukataa halafu Jumapili ukapanga mustari wa komunyo. Wote watakuangalia mugongo. Nikasema sawa, lakini mumoja abaki alinde. Nani abaki? Kitenge cha kundi kilikuwa kimetoka kwa mushonaji siku ileile, mikono ya gauni imevimba kama mabawa. Kila mama aliangalia mikono yake, akamwonyesha mwenzake. Mwisho tukaenda wote.

Muuza maji hakuwepo. Tuliambiwa yuko njiani. Papa wa shirika alisali sala ndefu, akaongeza wimbo, akaongeza soda. Huku nyuma mutu alifunga kamba kwenye miti yetu, akaivuta kupitia lile tundu, mumoja mumoja.

Usiku wa kwanza nilikasirika. Asubuhi nilimkuta yule mucheshi amekwisha shuka ndani, anatupa vipande nje, anaimba. "Mawe ya ukuta hayakuanguka," aliniambia. "Kofia tu imeanguka. Mutu hafi kwa sababu kofia imeanguka." Nikacheka, nikashuka naye. Chini ya vipande hatukukuta muti hata mumoja, basi tukatafuta mingine. Tukamwaga tena, na safari hii tulipikia maharagi palepale, tukala palepale, na vitenge vipya tukavivaa kazini, vikajaa simenti, ili asiwepo wa kuonea gauni lake huruma.

Papa wa shirika akaja tena. Muuza maji safari hii alikuwa naye, amesimama kando.

"Bamama, mushuke tupatane."

Mucheshi alikuwa juu ya dale, anainyunyizia maji. Hakugeuka. "Papa, sisi hatushuki. Kama kuna neno, panda huku, na ukuje na karai."

Avenyi nzima ilicheka. Hawakupanda.

Mvua ya kwanza ilipogonga bati na kuingia tangini, tulisimama chini ya mufereji tumelowa, tunasikiliza maji yakianguka gizani ndani. Mujukuu wangu sasa anakunywa maji yaliyochemshwa, ya mawinguni, na amenenepa mashavu. Muuza maji naye anatuma watoto wake na bidoni. Tunawatekea. Mutoto hana kosa, na mvua haikuulizwa inyeshee nani.

Lakini mimi sikusahau, na watu wakiniambia nisamehe ninawaambia ninasamehe mutu aliyesema kosa lake. Uzio wa jiko la muuza maji una miti ya mikaratusi yenye simenti kavu kichwani. Hiyo simenti ni yetu. Aseme ilifikaje kwake. Na wewe papa wa shirika, unayetusomea Injili kila wiki, uliyetaka tuje wote, uliyeongeza wimbo muuza maji akiwa hayupo: ulijua nini siku ile? Ninauliza mbele ya shirika lote, na ninataka jibu la mudomo wako, bila soda.