Majina Yaliyorukwa

Kompyuta yangu ya mkononi ilianza kugonga wiki chache baada ya mama kufariki. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, kama kucha juu ya sahani, na maana yake niliijua: diski yake kuukuu ilikuwa inakufa. Nilinunua mpya, ya aina isiyo na kitu kinachozunguka ndani yake, nikasafiri nayo kutoka kisiwa cha Nosy Be hadi kwa mdogo wangu, mjini Mahajanga, ambako arobaini ya mama ingesomwa.

Ndani ya diski ile kuukuu mlikuwa na sauti ya mama akiwataja marehemu wa ukoo. Kwetu, watu wa asili ya Komoro, hitima haifunguliwi mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba awataje wote, ili thawabu ya kisomo iwafikie. Majina hayo hayakuandikwa. Mwishoni mwa miaka ya sabini, tulipoishi Dzamandzar, nilimsikia mama akiyataja huku honi ya kiwanda cha sukari ikilia, naye hasiti. Miaka mingi baadaye aliporidhia nimrekodi, alitoa sharti moja: sauti ikae mahali pamoja tu.

"Wafu hawagawanywi," alisema.

Nami, pamoja na elimu yangu yote ya chuo kikuu, nilitii.

Sasa hapakuwa na njia isipokuwa kunakili. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, niliunganisha diski mpya kwa waya, nikaiagiza programu ihamishe kila kitu. Betri ilikuwa imekufa zamani. Tuliutegemea umeme wa mji, ambao hukatika bila kuaga.

"Mama angekuona angekuchapa," mdogo wangu alisema, akiipepea kompyuta kwa mfuniko wa ndoo.

"Angeanza na wewe unayepepea."

"Mimi napepea tu, dada. Mwizi ni wewe."

Tulicheka. Kisha diski ikagonga kwa nguvu zaidi, na mdogo wangu akaacha kupepea. Feni ya dari ilipunguza mwendo, ikasimama. Kioo kikawa cheusi.

Umeme uliporudi alasiri, nilianza upya. Safari hii programu iliniarifu kwamba sehemu fulani hazisomeki, ikauliza kama iziruke. Nilikubali. Kazi ilipokwisha nilifungua kifuniko cha chini, nikang'oa diski kuukuu, nikaipachika mpya. Kompyuta iliwaka upesi, kimya kabisa.

Tukamsikiliza mama. Baada ya jina la bibi yake palifuata ukimya mrefu, kisha sauti ikarejea katikati ya jina la mtu mwingine.

"Hapo walikuwa akina nani?" mdogo wangu aliuliza.

Sikujua. Walikuwa wale wa kale, ambao mama peke yake aliwafahamu. Niliirudisha diski kuukuu mahali pake, lakini haikugonga tena; ilikuwa imekufa.

Siku zilizobaki nilijifunza majina kutoka katika sauti ile, nikiyafuatisha kwa midomo, kwa maana zamu ya kuyataja sasa ilikuwa yangu. Siku ya hitima niliketi mbele ya ndugu na majirani, nikayataja kama nilivyoyazoea. Nilipofika baada ya bibi yake mama, nilinyamaza, muda ule ule, bila kukusudia. Mwalimu aliyeongoza hitima alidhani nimemaliza. Akafungua kisomo, na wote wakamfuata, na jina la mama, lililopaswa kuwa la mwisho, lilikuwa bado kinywani mwangu.