Nilimnywesha Mama Mkwe Uyoga Uliojila

Nimekosa, na sitafuti wa kunionea huruma. Hadi leo nikiona uyoga sokoni Same nageuza uso. Kinachonitia kinyaa si uyoga. Ni mimi!

Mimi ni mtoto wa kambini. Wazazi wangu walitoka mbali kuja kukata mkonge, nikazaliwa huku bondeni, nikaolewa na Mpare wa Vudee, kule milimani. Mama mkwe hakunitaka. Alikuwa mama wa kanisani, nyumba yake inang'aa, na kwake sisi wa mkonge tulikuwa watu wa kuja, tunaokula chochote.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa mitumba na redio, lakini kambini ilikuwa ugali na mlenda. Mboga yetu ya heshima ilikuwa uyoga uliootea kwenye lundo la takataka za mkonge, nyuma ya kiwanda. Mtamu jamani! Ila una tabia yake: ukiuchuma asubuhi, mchana uwe tumboni. Ukichelewa, unajila wenyewe. Kofia inayeyuka kuanzia ukingoni, linabaki tope jeusi kama oili chafu.

Basi mama mkwe akaugua malaria. Akapona, lakini chakula hakipiti. Mume wangu akaniambia mama yake anatamani uyoga tu. Moyo ukaruka! Nikajua hapa ndipo atanikubali.

"Huo hausafiri," mama yangu mzazi aliniambia. "Mpelekee mayai."

"Nitaufunga vizuri kwenye kopo, mama."

"Ufunge usifunge, utajila."

Nikaona ananikatisha tamaa. Asubuhi nikauchuma, nikapanda Landrova, uyoga ndani ya kopo la maziwa ya unga mapajani. Gari likachemka mlimani, tukakaa kusubiri maji hadi jua likapoa.

Nilipofungua kopo jikoni Vudee, Mungu wangu! Mweusi tii, unavutika kama kamasi, na harufu ya samaki aliyesahauliwa juani.

Ningeumwaga. Ningesema umeharibika njiani, yaishe. Lakini mawifi walikuwa wamekaa sebuleni wanasubiri kuona mtoto wa kambini kaleta nini. Nikachuja lile tope, nikatia karanga na chumvi nyingi, nikapika supu.

Kwao pale, anayemletea mgonjwa chakula anaonja kwanza mbele yake. Nikachota kijiko, nikakigusisha mdomoni, nikasema "mmh". Sikumeza! Koo lilikataa kabisa. Kisha nikampa yule mama bakuli. Akanywa yote, ananitazama.

"Ahsante, mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita mwanangu.

Giza halijaingia, akaanza kutapika. Alitapika weusi, kwenye kanga yake, kwenye mikono yangu niliyomshikia. Nikazifua zile nguo huku na mimi natapika.

Alipopata nafuu nikapiga magoti. "Mama, nisamehe, uyoga ulikuwa umeharibika."

"Uyoga kuharibika si kosa lako," alisema. "Nilikuona. Hukumeza."

Baadaye bwana shamba mmoja alinieleza kwamba uyoga ule hata hauozi. Unajimeng'enya wenyewe makusudi, ili mbegu zake zidondoke, uote mwingine. Kufa huko ndiko kukomaa kwake. Uyoga ulikuwa unafanya kazi yake. Mimi je, nilikuwa nafanya nini?

Mama mkwe hakunisema kwa mtu. Kila Krismasi alitukaribisha, wanangu aliwabeba mgongoni. Ila chakula cha mkono wangu hakukigusa tena. Nikimwekea sahani, ameshashiba. Hata alipolala kitandani asiinuke tena, nilimshikia kikombe cha uji, akageukia ukutani taratibu, akamngoja wifi yangu.

Ndugu unayesoma, kitu kikikuharibikia njiani, fika mikono mitupu useme ukweli. Watakucheka, watachoka. Usimpe mtu kijiko ambacho koo lako mwenyewe limekikataa. Anakuona!