Mama wa Kamanga atakiwa aandike kwamba hana mtu vitani

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Rozina Aluoch anapiga magoti kwenye mchanga wa Kamanga na kumwaga ndoo ya kwanza ya dagaa juu ya wavu. Anawatandaza kwa viganja, haraka haraka, maana dagaa wakikaa wamerundikana hushikana na kuanza kunuka. Nyuma yake kivuko cha kwanza cha kwenda Mwanza mjini kinapakia magari.

Kwenye nyavu za jirani wanawake wanataniana kuhusu mume wa mmoja wao aliyerudi nyumbani jana na kiatu kimoja. Rozina naye anacheka, lakini kicheko chake kinakatika mapema.

Simu yake iko kifuani, ndani ya mfuko mdogo wa plastiki. Kila inapolia anafuta mikono kwenye kitenge, anaitoa, anaitazama, anairudisha. Wenzake wamezoea. Hakuna anayemuuliza ni nani aliyepiga.

Ndani ya simu hiyo kuna swali kutoka kampuni moja ya kigeni ya sarafu za mtandaoni. Rozina anatakiwa alijibu kabla ya kesho, Ijumaa, saa sita mchana: je, ana uhusiano na mtu yeyote anayeishi katika nchi iliyowekewa vikwazo vya kifedha kwa sababu ya vita?

Akijibu hapana, fedha zake kiasi cha Sh1.4 milioni, zilizozuiwa tangu Novemba mwaka jana, zitafunguliwa. Akijibu ndiyo, akaunti itafungwa moja kwa moja na fedha zitabaki huko huko.

Mwanawe wa pekee, Jonathan Ojwang, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa akiishi katika nchi hiyo. Kama bado yuko hai, hakuna aliyeweza kumthibitishia. Familia imeomba nchi isitajwe gazetini.

"Wananiuliza kama nina mtu," anasema Rozina bila kuacha kutandaza. "Sasa nitajibu nini? Nina mtu. Nilimzaa mwenyewe."

Rozina, mwenye miaka 51, ni mzaliwa wa Rorya mkoani Mara. Alihamia Kamanga na mumewe aliyekuwa akivua dagaa. Mume alipofariki kwa ugonjwa, mitumbwi ilirudi kwa wenyewe na yeye akabaki na kazi ya kukausha.

Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wenye giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hukaa nyumbani, na wakaushaji nao hukaa. Katika siku njema Rozina hubakiwa na Sh8,000 au Sh10,000. Mvua ikinyesha mchana kabla hajaanua, hubakiwa na harufu tu.

Kwa kazi hiyo alimsomesha Jonathan hadi kidato cha sita. Kijana alipopata nafasi ya kusoma uhandisi wa umeme ng'ambo, kwa ufadhili wa nusu, ukoo mzima ulijikamua. Baba yake mdogo, Nestory Ojuok, aliuza ng'ombe wanne kule Rorya. Siku ya kuondoka, anakumbuka Rozina, Jonathan alivaa koti zito tangu Kamanga, kwenye jua, kwa sababu halikuingia kwenye begi.

Vita ilimkuta mwaka wa pili wa masomo. Mwanzoni ilikuwa mbali na mji wake, naye akasema atamaliza kwanza. Kilichofika haraka kuliko mabomu ni vikwazo. Mataifa makubwa yaliziondoa benki za nchi ile kwenye mtandao wa malipo wa dunia, na fedha za kwenda huko zikawa hazipiti.

"Nilikwenda benki mjini," anasema Rozina. "Yule binti wa dirishani alikuwa mpole sana. Akaniambia, mama, huko hazifiki, zikienda zinarudi. Nikamuuliza, mwanangu atakula nini? Akanirudishia hela zangu."

Vikwazo vile viliwekwa ili kuwabana wanaopigana. Hakuna aliyekaa mezani akamfikiria mkausha dagaa wa Kamanga. Vilimpata hivyo hivyo.

Jonathan ndiye aliyemfundisha mama yake njia nyingine. Mtu anaweka programu kwenye simu, anatafuta humo Mtanzania anayeuza dola za kidijitali, anamlipa shilingi kwa njia ya simu kama anavyomlipa muuza nyanya. Muuzaji akishaona malipo anaachia dola hizo ndani ya programu, na zinatumwa kokote bila kupita benki.

Serikali imewahi kuwatahadharisha wananchi kuhusu sarafu hizi, na Rozina anajua hilo. "Nilikuwa naogopa kila mara," anasema. "Lakini njaa ya mtoto inaogopesha zaidi."

Aliyemshika mkono ni Modesta, wakala wa fedha kwa simu ambaye kibanda chake kiko karibu na geti la kivuko. Modesta alikuwa akikaa naye kila mwisho wa mwezi, akibonyeza pamoja naye hatua kwa hatua. Alimpa sharti moja: pale penye nafasi ya kuandikiana na muuzaji, asiandike lolote zaidi ya kwamba amelipa.

"Nilimwambia, Mama Ojwang, yale maandishi yanasomwa na mashine, haijui utani," anasema Modesta. "Na mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza. Mambo yakaenda vizuri zaidi ya mwaka mzima."

Asubuhi moja ya Novemba Jonathan alipiga simu anahema. Mapigano yalikuwa yamefika. Kulikuwa na dereva anayewavusha wanafunzi wa kigeni hadi ng'ambo ya mpaka kwa basi, jioni ile ile, na nafasi ilibidi ilipiwe kwa dola za kidijitali kabla ya kuondoka.

Modesta hakuwepo. Alikuwa Magu, msibani. Rozina alikuwa na akiba yake, akaongezewa na wanawake wenzake wa ufukweni waliovunja mchezo wao wa kuchangiana fedha palepale wakampa. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua programu peke yake.

Muuzaji wa kwanza aliyetokea aliitwa Kashindye. Hapo ndipo Rozina alipokosea, kama kweli hilo ni kosa.

"Nilipoona Kashindye, jina la Kisukuma, nikasema huyu ni mtoto wa hapa hapa, ana mama yake," anaeleza. "Huwezi kupokea kitu mkononi mwa mtu hujamsalimia. Na ukimharakisha lazima umwambie shida yako ni nini. Nitamwingiliaje kimya kimya kama mwizi?"

Ujumbe wake bado upo: "Habari za asubuhi Kashindye mwanangu. Pole na kazi. Mimi ni Mama Ojwang wa hapa Kamanga. Hela hii si ya biashara, ni ya mtoto wangu Jonathan, yuko huko kwenye vita, anatoka leo na basi. Nakuomba usichelewe." Na nchi akaitaja kwa jina.

Kashindye alijibu ndani ya dakika hiyo hiyo: "Shikamoo mama. Pole sana. Natuma sasa hivi." Akaachia dola. Rozina aliziona zikiingia. Alipogusa mahali pa kutuma, maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo: akaunti imezuiwa kwa uchunguzi.

Kashindye ni kijana wa Butimba aliyesomea ualimu na bado hajapata ajira. Anaishi kwa kuuza na kununua sarafu hizo. Akaunti yake nayo ilizuiwa kwa wiki kadhaa. Badala ya kukasirika alipanda kivuko akaja Kamanga kumtafuta mwanamke aliyemponza.

"Mle ndani hakuna anayekusalimia," anasema. "Watu wanaandika 'fanya haraka' tu, wengine wanatukana. Huyu mama alinisalimia. Na mimi nikamjibu kama mama yangu. Ningejua, ningenyamaza ili na yeye anyamaze."

Mchana ule Rozina alimpigia mwanawe akamweleza kilichotokea, hadi na salamu zenyewe. Jonathan alicheka. Alicheka sana, anasema mama yake, mpaka naye akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. "Akaniambia, mama, umemwamkia mtu kwenye mtandao? Kweli wewe ni mama yangu. Akasema nisijilaumu, atapata basi lingine."

Basi lile liliondoka na likafika salama. Wote waliokuwemo walishuka ng'ambo ya mpaka. Halikuwepo lingine.

Jonathan alipata mahali pa kulala kwenye ghala la unga, kwa malipo ya kubeba magunia. Wiki iliyofuata ghala lilipigwa kwa bomu. Aliyetoa habari ni mwenzake kutoka Zambia aliyekuwa ametoka kununua mkate. Alisema baadhi ya miili ilitambuliwa, mingine haikuweza kutambulika. Jonathan hakuwa kwenye waliotambuliwa, wala hakuonekana hospitali. Simu yake haijawaka tangu siku hiyo.

Mtu akimsikiliza Rozina akisimulia hayo hukosa pa kuweka macho. Hasimulii kwa kulia. Anaendelea kutandaza dagaa, na mara kwa mara anaokota jani au kipande cha kamba kilichonasa kwenye wavu, anakitupa, kisha anaendelea.

Mwezi uliopita Nestory Ojuok, shemeji yake, alikuja kutoka Rorya na uamuzi wa ukoo. Kwa desturi yao Wajaluo, mtu akipotea asionekane, hasa akizama ziwani, hutafutwa tunda la yago, lile refu na zito lenye umbo la mwiko mnene. Huvikwa sanda na kuzikwa nyumbani kwao kama mwili wake. Watu hulia, hula, msiba hufungwa. Siku za mbele jina lake laweza kupewa mtoto mwingine wa ukoo.

Nestory ni mtu wa maneno machache, na anaongea akitazama chini. "Shemeji anaumia, na sisi tunaumia. Yule ni mwanangu," anasema. "Lakini wetu akipotea majini hatumwachi huko hana kwao. Huyu naye alizama. Ziwa lake ndiyo ile vita."

Ukoo hauna fedha za msiba mkubwa. Ng'ombe waliuzwa kwa safari. Kwa hiyo barua ya kampuni ilipokuja mwezi huu na swali lake, Nestory aliona njia imefunguka. Rozina ajibu hapana, fedha zitoke, zikamzike yule zilizokusudiwa kumwokoa.

"Wameuliza kama ana mtu anayeishi kule," anasema Nestory. "Hayupo. Kusema hapana si uongo."

Kashindye naye, ambaye amekuwa akimtafsiria Rozina barua hizo na kumsaidia kujibu, alimshauri hivyo hivyo, ingawa kwa sababu nyingine. Aliona ni fedha zake halali, na swali lenyewe ni la watu wasiojua wanauliza nini.

"Wote wananipenda," anasema Rozina. "Lakini shemeji anasema si uongo. Hapo ndipo ninapokwama. Kama si uongo, basi mtoto amekufa, na mimi ndiye niliyeandika."

Anainuka, ananyoosha mgongo. Jua limeshapanda na dagaa wa ukingoni wameanza kuwa weupe.

Ijumaa saa nne asubuhi Kashindye anashuka kwenye kivuko akiwa na shati la kunyooshwa, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Modesta anafunga kibanda chake kwa muda. Wanakaa watatu kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, Rozina katikati. Kashindye anamsomea swali tena, polepole, kwa Kiswahili, kisha anamshikisha simu.

"Mama, ukibonyeza hii ya juu hela imekwenda," anasema. "Hairudi tena. Uelewe hilo."

"Nimeelewa, baba."

Rozina anafuta kidole kwenye kitenge. Anabonyeza ndiyo.

Chini ya jibu linafunguka swali la nyongeza: ni uhusiano gani? Kashindye anataka kumwandikia, lakini Rozina anamzuia kwa kiwiko. Anaandika mwenyewe, herufi moja moja, na inachukua muda. Ameandika: mwanangu.

Ujumbe wa kufungwa kwa akaunti unafika kabla hawajainuka. Modesta analia. Kashindye anatazama ziwani. Rozina anawauliza kama wamekunywa chai.

Baadaye, akigeuza dagaa, anaeleza anachokusudia. Atafanya kazi giza mbili zijazo, zile siku zisizo na mbalamwezi, bila kupumzika, na kama mvua haikumharibia atapata nauli ya kwenda Dodoma. Hajawahi kufika huko. Anataka kwenda wizara inayoshughulika na Watanzania walioko nje.

"Nitawaambia nina mtoto, anaitwa Jonathan Ojwang, na mpaka leo hakuna aliyeniambia kwamba amemwona amekufa," anasema. "Wakiniambia nikae nje nisubiri, nitakaa. Kukaa naweza."

Na kama watamwambia asilotaka kusikia? Rozina anatandaza upande mwingine wa wavu kabla ya kujibu. "Basi nitalia. Lakini nitakuwa nimeambiwa."

Simu inaita. Ni Nestory, kutoka Rorya. Ukoo umekaa, wanataka kujua jibu lilikuwaje, kwa sababu vijana wameshatafuta majembe. Rozina anasikiliza muda mrefu, simu ikiwa imebanwa begani, mikono yote miwili ndani ya dagaa.

"Nimewaambia ninaye," anasema. "Shimo msichimbe."

Upande wa pili Nestory anaongea tena, taratibu. Rozina anaitikia kwa kichwa kama vile anaonekana.

"Najua, shemeji. Najua. Lakini msichimbe."