Msomaji wa Kanisa la Lindi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikifundisha chekechea ya kanisa letu katika mtaa wa Kawangware, Nairobi, sehemu iitwayo Kongo. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza hakikunikwama sana, pasta aliniweka kuwa mkalimani wa wageni. Walikuwa kumi na wawili, waumini wa kanisa moja la ng'ambo, waliokuja kujitolea kwa wiki mbili mwezi wa Agosti. Wanaume walipaka rangi madarasa ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeyapaka Pasaka. Wanawake walishona na akina mama, wakaimba, wakala ugali kwa mikono na kucheka walipoungua vidole. Hawakuwa watu wabaya. Nimewasikia wakisemwa baadaye, hata na waliokula vya kwao, lakini mimi sikuona ubaya. Niliona haraka tu.

Walikuwa wamekuja na katoni nne za miwani kuukuu iliyokusanywa kwao, kila moja imebandikwa utepe wenye namba. Siku mbili waliigawa Kawangware. Siku ya tatu tukaenda Lindi, kule Kibera, ambako kanisa letu lilikuwa na tawi: chumba kirefu cha mabati, mabenchi saba, na waumini ambao wengi wao walikuwa Wajaluo kutoka kando ya ziwa. Sisi wa Kawangware tulikuwa zaidi watu wa mkoa wa Magharibi. Tulikutana kwenye Kiswahili, kila upande na makosa yake.

Pasta alikuwa amepanga nani aanze. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mjane, wa miaka hamsini hivi, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyejulikana kama msomaji wa kanisa la Lindi. Kwa miaka mingi ndiye aliyesoma neno kila Jumapili, kwa sauti nzito isiyo na haraka, na watu walimpenda kwa hilo. Lakini mwaka huo alikuwa amepunguza. Alisoma sehemu chache zilezile, na akiombwa kusoma nyingine alisema macho yake yamechoka. Basi pasta akaona huu ndio muujiza wenyewe umefika, ndani ya katoni.

Aliketi kwenye kiti mbele ya mzee mmoja wa kigeni, mpole, aliyekuwa ameungua masikio kwa jua. Mzee akamvisha miwani ya kwanza, akatoa, akamvisha ya pili. Mimi nilishika Biblia ya Kiswahili, nikaifungua popote palipofunguka.

"Mwambie asome mstari wowote anaouona vizuri," mzee akaniambia.

Nikamwambia. Mama akaitazama Biblia kwa muda, akaishika vizuri, akaanza. Alitamka yale maneno ya faraja yanayosomwa kwenye mazishi, ambayo hata watoto wangu wa chekechea waliyajua nusu. Aliyatamka vizuri sana, bila kujikwaa. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, na ukurasa niliuona. Ulikuwa ukurasa wa majina ya koo, huyu akamzaa huyu, yule akamzaa yule, toka juu mpaka chini.

Mzee aliniuliza, "Anasoma vizuri?"

Nilisema, "Ndiyo, anasoma vizuri."

Wale wageni wakapiga makofi. Mmoja wao akampiga picha akiwa ameshika Biblia. Mzee akaandika kitu kwenye daftari lake, akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akamwita anayefuata. Mama aliondoka na miwani yake. Hakunitazama.

Mchana, wageni walipokuwa wakila ndani, nilitoka kuosha mikono. Nikamkuta amesimama kando ya mtungi.

"Wewe umejua," akasema.

"Nimejua nini, mama?"

"Usinifanye mtoto. Ulikuwa umeshika hiyo kitabu."

Nikanyoosha mikono ninawe. Akanieleza mwenyewe, kwa sauti ya chini, huku akinimwagia maji kwa kikombe. Hakuwahi kwenda shule. Alipookoka alikuwa akisomewa na binti yake kila Jumamosi, mara tatu, mara nne, naye akishika kichwani. Jumapili alifungua Biblia pale binti alipoweka kijikaratasi, akasema alichoshika. Hakuna aliyemwuliza. Kisha binti akaolewa Mombasa, na mama akabaki na zile sehemu alizokuwa ameshika tayari.

"Macho yangu iko sawa," akasema. "Hii miwani inanizungusha kichwa. Sasa nimepewa miwani, nitasema nini tena?"

Nikamwambia sitamwambia mtu.

"Sijakuomba unyamaze. Nimekuomba unifundishe."

Hakuwa ameomba, lakini sikumsahihisha.

Nilidhani anataka kuokoa heshima yake kanisani, na hilo lilikuwepo. Lakini nilipomwuliza kwa nini mimi, wakati Lindi ilikuwa na vijana wengi waliosoma, alinijibu jambo jingine. Alisema ana barua. Zilikuwa za kwao, zimeandikwa kwa Kijaluo, na marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akimsomea. Alitaka kuzisoma mwenyewe, asisomewe na mtu yeyote tena. Na mimi sikujua Kijaluo.

"Utanipa herufi," akasema. "Maneno nitajua mwenyewe."

Wageni waliondoka mwisho wa mwezi. Alhamisi iliyofuata, baada ya chekechea kufunga saa sita, nilitembea mpaka barabara ya Ngong, nikapitia soko la Toi, nikashuka kwa njia ya mtaa wa Makina hadi Lindi. Nilifanya hivyo kila Alhamisi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sikuwa na moyo mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, sikuwa na mchumba wala kazi ya mchana, na nilikuwa nimedanganya mbele ya kanisa. Nilitaka kwenda tu.

Chumba chake kilikuwa kimoja, pazia likitenga kitanda. Tuliandikia kwa mkaa juu ya vipande vya katoni. Nilianza na njia yangu ya chekechea, ya kuimba ba be bi bo bu na kupiga makofi. Akaninyamazisha.

"Mimi siimbi. Nionyeshe tu."

Nikamwonyesha. Alikuwa mwanafunzi mgumu, asiyependa kusifiwa. Akikosea alijipiga kidole chake kwa kidole kingine. Wateja wa omena walipopiga hodi alifunika katoni kwa leso, akatoka, akapima, akarudi palepale alipoachia. Miwani aliivaa Jumapili tu. Kwenye masomo aliiweka kando, kwa sababu akiivaa herufi zilitoweka.

Kufikia Februari alisoma maneno mafupi. Kufikia Aprili alisoma maandishi ya gunia la unga, na siku moja aliniambia kwamba kwenye ukuta wa choo cha jirani kumeandikwa matusi, na amekuwa akipita hapo miaka sita akidhani ni tangazo.

Barua alizitoa mwezi wa Juni. Zilikuwa kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, kumi na kitu, zimekunjwa. Mumewe alikuwa amemsomea zote, kila moja ilipofika, na yeye alikumbuka kila moja inasema nini. Alichagua moja katikati, ya miaka minane nyuma, akakaa mlangoni palipo na mwanga. Mimi nilikaa ndani kwenye kistuli, ikitokea amekwama.

Alisoma kwa kunong'ona, silabi kwa silabi. Nilisikia sauti tu. Mara mbili alininyooshea kidole kwenye herufi nikamtajia. Aliposoma mstari wa kwanza aliurudia wote kwa mkupuo, na hapo niliona uso wake ukikubali, neno limepata maana. Mstari wa pili hivyohivyo. Alipofika chini kidogo akarudia mstari mmoja mara nne. Akachukua barua nyingine, akatafuta, akasoma kipande. Kisha ya tatu. Ilichukua mchana wote, na mimi sikujua kinachotokea isipokuwa kwamba alikuwa ameacha kuninyooshea kidole.

Mwishowe akaniambia, bila kugeuka, "Mama yangu aliniita."

Nikasogeza kistuli karibu na mlango.

"Aliniita mara tatu. Alikuwa mgonjwa. Dada yangu ndiye aliandika. Hii inasema anataka kuniona. Hii inasema njoo haraka. Hii inasema kama hutaki kuja, sema hutaki." Alizikunja moja moja. "Mimi nilisomewa kwamba mvua imenyesha, mahindi imefanya vizuri, na wote wanasalimu."

Mama yake alikuwa amefariki mwaka ule ule. Yeye alienda mazishini akidhani ni kifo cha ghafla. Dada yake hakumsalimia, hakumpa hata maji, na tangu hapo hawakuwa wamezungumza. Alikuwa ameliweka hilo moyoni miaka yote kama ukatili wa dada.

Nilimwuliza kwa nini mume wake alifanya vile. Lilikuwa swali la kijana.

Alirudisha barua mkebeni. "Mwaka huo nilikuwa na mimba. Ile iliharibika kabla ya mazishi. Daktari alisema nisitembee mbali, nisipande basi. Akaona akinisomea nitaenda." Akafunika mkebe. "Alikuwa sawa. Ningeenda."

"Basi alikuwa akikulinda."

"Angeniambia," akasema. "Nikatae mwenyewe, ama niende mwenyewe."

Hakulia. Aliinuka akaanika omena, na mimi nikarudi Kawangware.

Mwezi wa Agosti alisafiri kwao, peke yake. Alikaa wiki tatu. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe aliporudi, akinitengea njugu za kupeleka nyumbani.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akamwambia: barua zako sikuzijua, nilikuwa sijui kusoma. Dada akamcheka. Watu wote kule walijua kwamba yeye ndiye msomaji wa kanisa huko Nairobi, jambo hilo lilikuwa sifa ya ukoo. Mama yao mwenyewe kabla ya kufa alikuwa akiwaambia wageni. Kwa hiyo dada akaona hili ni tusi juu ya tusi, kwamba hakuja kumwona mama yao akiwa hai na sasa amekuja na uongo wa kitoto.

"Ungefanya nini?" mama akaniuliza.

Nikasema sijui.

Alichofanya ni kuomba daftari la shule la mtoto wa pale nyumbani. Akaketi mbele ya dada na wake za kaka zake, akasoma insha ya mtoto kuhusu ng'ombe. Alisoma kama alivyokuwa akisoma nami, kidole chini ya neno, akikwama, akirudi nyuma, akitoka jasho. Ukurasa mmoja ulimchukua muda mrefu. Hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza, dada alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Aliamini?" nikauliza.

"Aliona. Mtu hawezi kuigiza kusoma vibaya hivyo."

Dada alimpeleka kaburini jioni hiyo. Siku zilizobaki walipalilia pamoja, na dada alimweleza ugonjwa wa mama yao ulivyokwenda, mwezi kwa mwezi, mambo ambayo hayakuwemo kwenye barua. Mengine aliniambia, mengine akasema ni ya kwao.

Aliporudi alimwendea pasta akamweleza yote. Pasta alisema hakuna haja kanisa lijue, Mungu ameshajua. Jumapili ya pili mama alisimama mbele na kusema kwamba alikuwa akisoma kwa kichwa miaka yote, na kwamba sasa anajua kusoma kidogo, anayetaka kumsikiliza avumilie. Watu walicheka kidogo, si vibaya. Wengine walikasirika, hasa mzee mmoja aliyesema ameaibishwa mbele ya watoto wake. Huyo alihamia kanisa la mtaa jirani wa Sarang'ombe. Ibada za Lindi zilirefuka, na baada ya miezi miwili walimpa mwingine kazi ya kusoma. Yeye alikubali.

Mimi nilipata kazi ya ukarani mjini mwaka uliofuata, Alhamisi zikaisha. Siku yangu ya mwisho niliwakuta wanawake wengine wawili chumbani kwake, majirani, na vipande vya katoni vyenye herufi za mkaa viko sakafuni. Mmoja wao alikuwa akiimba ba be bi bo bu kwa sauti ya chini. Nilimtazama mama nikitegemea atamkatiza. Alikuwa akipima omena za mteja mlangoni, na alimwacha aimbe.