Mgeni Asiyepewa Jembe

Nilikuwa na pengo la meno ya mbele siku padri aliponisimamisha mbele ya altare, baada ya misa, akauliza ni nyumba gani itanipokea. Baba yangu, askari, alikuwa amekufa. Mama akamfuata, na pale Base ya Kamina, kambi ya jeshi, hatukuwa na ndugu hata mmoja. Watu wakachunguza viatu vyao. Ndipo mama mmoja wa koro, kwaya ya kanisa, mnene, mwenye sauti ya ngoma, akaniita: "Kuya, mutoto. Twende, bukari itapoa." Nikaenda. Mimi bukari, ugali wetu, sijawahi kuikataa.

Kwake, nje ya Base, walinipenda mpaka nikachoka. Watoto wa nyumba walitwanga majani ya muhogo ya sombe, walichota maji, walichapwa; mimi nilikalishwa kitini na kupewa firigisi ya kuku. Jumuiya ilipokuja kusali, kila mama aliniombea, "Bwana, mukumbuke huyu yatima," kwa sauti kana kwamba Mungu anakaa mbali kule Kaniama. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, si ndivyo wasemavyo? Loo! Miezi ilipita, jembe sikuliona. Na mgeni mwisho wake ni kuondoka. Kila pikipiki iliyosimama mlangoni niliiogopa, nikidhani imekuja kunirudisha Base.

Aliyenitia hofu zaidi ni nkambo, bibi mzaa baba wa nyumba ile. Wajukuu wake aliwatukana tangu asubuhi: vichwa vikubwa, walafi, wavivu! Nao wakamjibu wakicheka. Mimi aliniambia kwa adabu, "Umeamuka muzuri, mama?" Basi. Yale matusi yalinishinda kabisa kuyaelewa. Base hakukuwa na wazee. Kulikuwa na askari, wake zao na watoto, na mababu zetu walibaki mbali, kila mmoja katika jimbo lake. Kwetu, mtu mzima akikutukana, unakimbia.

Jumapili moja babu, mume wa nkambo, alikuwa anangoja chakula, akaniona. "Bibi yangu," akasema, kama anayemwita mkewe, "niletee maji ya kunawa." Nikaruka kwa furaha. Nimetumwa! Nilikuwa bado namnawisha babu, nkambo akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Aaa! Mwizi weye! Njo maana unakaa mu kiti, kumbe unataka bwana yangu! Toka mu nyumba yangu!"

Wote wakaangua kicheko. Mimi nilisikia "toka" tu. Nikaingia ndani, nikafunga nguo zangu kwenye kitenge cha marehemu mama, nikatoka kwa mlango wa nyuma nikilia.

Alinifikia barabarani, anahema, mwiko bado mkononi. Akalitazama furushi.

"Unaenda wapi?"

"Si umenifukuza?"

Akakaa chini, vumbini, pale pale. "Mama yangu we! Hakuna muntu alikuambia? Mugeni njo namupa kiti. Batoto yangu njo natukana." Akanivutia kwake, mikono yake ikinuka moshi na vitunguu. "Na ukienda, nani atanisaidia kupikia bwana yetu? Minyi nimezeeka."

Bwana *yetu*. Nikalia upya, lakini kilio kingine.

"Sasa jibu," akasema. "Nimekutukana. Na weye unitukane."

Nikafuta kamasi. Nikainamisha kichwa kama mtu anayeungama.

"Babu amekukataa," nikasema, mimi mwenye pengo, "sababu hauna meno."

Nkambo akapiga makofi, akainuka, akawaita majirani wa barabara nzima:

"Kuyeni! Kuyeni musikie vile mujukuu wangu ananitukana!"