Ikhathazo ya Gogo Nomusa

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nikiwa kijana mgeni hapa Durban, nilipomshika mkono Gogo Nomusa kumteremsha kwenye teksi. Alikuwa anatoka hospitali. Mimi na mama yangu mdogo, Zuhura, tulipanga chumba kwake pale Berea, na bibi yule wa Kizulu, maana gogo kwao ni bibi, alitulea kama wajukuu.

Nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na jua la mchana, Gogo alikuwa na hodhi kuukuu ya kuogea iliyojaa udongo. Humo alipanda ikhathazo, mmea wa milimani, wa jamaa moja na karoti, ambao Wazulu hutumia mizizi yake kwa kifua na mafua. Usidhani ni karoti ya sokoni, unang'oa leo na kupanda nyingine kesho. Huu huishi miaka, hukua kwa kujivuta, na joto la Durban haulipendi hata kidogo. Gogo aliudekeza, wakati mwingine kuliko sisi. Mbegu yake ilitoka mlima wa kwao, na wachimba dawa walikwisha kuung'oa wote mlimani kule. Alikuwa akiigawa mizizi na kuizalisha ili siku moja airudishe kwao akaipande upya. Hilo tulilijua, maana alilisema kila tulipokaa jikoni.

Kitu ambacho hakutuambia, kwa kuwa kwake kilikuwa wazi mno, ni kwamba majira ya baridi majani yote hukauka na mzizi hubaki chini ukiwa hai. Sisi tumetoka Tanga. Kwetu mmea ukikauka mpaka chini, ndio basi tena.

Basi tulifika uani. Ua lilikuwa limefagiliwa, nguo za Gogo zimefuliwa, na hodhi imepinduliwa, ikajazwa udongo mpya na kumwagiwa mbegu za mchicha. Mama mdogo alisimama pembeni anatabasamu. Kwetu mgonjwa akirudi hukuta uwanja safi, hakuna cha kumkumbusha kifo, naye alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili hiyo. Mizizi aliitia kwenye mfuko wa taka, na gari la taka lilikuwa limeshapita.

Gogo alikaa chini, palepale kwenye saruji yenye baridi. Akauliza kwa Kiswahili chake alichojifunza kwa wapangaji Wakongo:

"Zuhura, nani alikwambia iko kufa? Ilikuwa inalala tu."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kama wa mama mdogo, mwanangu. Mama mdogo alitoka na kanga ile ile ya kufanyia usafi, akaenda mpaka soko la dawa za miti shamba, nami nikamfuata. Huko ndiko nilikoshtuka mara ya pili. Magunia kwa magunia ya ikhathazo, yote kavu, kila mzizi mmea mzima uliong'olewa. Tuliuliza kila meza kama kuna hata mmoja ulio hai. Hapakuwa na hata mmoja. Muuzaji mmoja alisema kwa huruma kwamba siku hizi hata wao huletewa kutoka mbali sana.

Tulirudi mikono mitupu. Mama mdogo akapiga magoti mbele ya Gogo. Gogo alimshika kichwa.

"Geti nilifunga sababu ya wezi," alisema. "Mtu ananipenda, nitamfungia na nini?"

Alimsamehe, tena kwa moyo wote. Lakini mlima wa kwao haukurudishiwa kitu, na Gogo alikufa bila kwenda kupanda.

Sasa wewe unahamia kwa mama mkwe wako Morningside, na nakujua, mikono yako haitulii. Saidia, lakini uliza kwanza. Usitupe kitu cha mwenzio kwa sababu wewe umekiona kimekufa; aliyekitunza ndiye ajuaye. Adui akikuharibia unaweza kumlaumu ukapumua. Anayekupenda akikuharibia, unabaki na hasara na huna hata wa kumkasirikia. Usimfanyie mtu hivyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akubariki katika nyumba hiyo, ulichokikuta hai kiendelee kuishi mikononi mwako, na watu wake wafurahi kwamba uliingia.