Lango la Maji na Kamba ya Kabula

Ipo siku moja, mwanangu, inayonijia nikiwa nimekaa tu, macho wazi, chai ikipoa mkononi. Naona ukungu wa Samuye, kijijini kwetu, umelala juu ya mashamba, nasikia kengele za ng'ombe, na nasikia pikapu yangu ikikohoa katika baridi ya alfajiri. Jana uliponiuliza hilo gari lako kuukuu uliwekee themostati ya nyuzi ngapi, nikakwambia tutazungumza. Sikuwa nakuzungusha. Swali lako lilinipeleka mbali, na kurudi kulichukua usiku mzima.

Baba yangu alikuwa mfugaji. Nilipolikataa jembe, aliuza sehemu kubwa ya kundi lake akaninunulia pikapu iliyokwisha kula chumvi nyingi. Akanikabidhi ufunguo na kuniambia, "Masanja, ng'ombe wangu wamo humu. Wachunge." Nikacheka. Kijana, mwanangu, husikia yote na hasikilizi hata moja.

Kazi yangu ikawa kubeba mchele kutoka Kahama kuwapelekea wachimbaji wa Geita. Mchana mmoja, katika kilima nikikaribia Geita, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho. Maji yakachemka, mvuke ukafuka, nami nimesimama kando ya barabara, wapita njia wakiniuliza kama ugali umeiva. Niliona aibu, lakini hofu ilizidi aibu. Niliona ng'ombe wote wa baba wakipanda juu na ule mvuke.

Nikamwendea Fundi Hamisi pale Kahama, mzee wa Kigoma, mpole, mwenye mikono iliyokolea oili. Alichungulia mbele ya gari akatoa kiganja kizima cha mbegu za nyasi zilizoziba rejeta. Akaiosha nje na ndani. Kisha akanionyesha themostati yangu, kidude kidogo cha shaba kinachokaa kwenye njia ya maji ya injini. Maji yakiwa baridi hujifunga, ili injini ipate joto lake. Yakishafikia joto lile lililogongwa juu yake, hujifungua, maji yakaenda kupoa kwenye rejeta. Yangu ilikuwa ya themanini na mbili.

"Hii ni nzima, na ndiyo waliyoiwekea walioitengeneza," alisema. "Irudishe."

Macho yangu yalikuwa yameshatua mezani kwake, kwenye nyingine ya sabini na moja. "Nipe hiyo ya baridi, fundi. Hapa kwetu jua lenyewe linachemsha maji."

"Kijana, ugonjwa ulikuwa kwenye rejeta."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akanifungia ile ya baridi huku akitikisa kichwa. Nayo ilidumu siku chache tu. Kila kilima nilichopanda, hofu iliniambia hata hiyo inabana maji, na mwisho nikaitoa kwa mkono wangu, nikaitupa vichakani.

Ah, jinsi nilivyofurahi! Mshale ulilala chini siku nzima. Niliendesha kama niliye ndotoni, alfajiri baada ya alfajiri, vilima vya mawe vikipita dirishani, nami nikijiona nimewashinda mafundi wote wa Kahama. Kwamba mafuta yalikuwa yakiisha upesi, nilisema ni barabara. Kwamba chini ya kifuniko cha oili palikuwa na utelezi mweupe kama maziwa yaliyoganda, niliufuta kwa kitambaa. Moshi wa buluu ulipoanza kunifuata, nikaacha kutazama nyuma.

Halafu ikafika asubuhi gari likashindwa kutoka uwanjani kwetu. Baba mwenyewe akatafuta la kulivuta, tukaenda naye hadi kwa Fundi Hamisi. Fundi aliifungua injini. Silinda zilikuwa zimelika. Akamweleza baba, kwa heshima, kwamba injini hii ilikuwa ikifanya kazi siku zote bila kupata joto lake, maji yakaingia kwenye oili, na oili mbovu ikala chuma. Baba hakuelewa. Basi fundi akabandika sufuria ya maji jikoni, akaining'iniza kwa uzi ndani ya maji ile themostati yangu ya kwanza, aliyokuwa ameihifadhi, tukakaa kuitazama.

Muda ule haunitoki. Maji yalianza kutoa mvuke, na kile kidude kikatulia, kikatulia, kisha polepole kikafunguka kama ua la boga asubuhi.

"Kumbe ni lango," baba alisema. Akanigeukia. "Masanja. Nani alikufundisha kufungulia ng'ombe kabla umande haujakauka?"

Tangu nikiwa mdogo alinizuia langoni mwa zizi, jua lipande kwanza, nyasi zikauke, kwa sababu ng'ombe wanaokula nyasi zenye umande huokota minyoo. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Na bado nililing'oa lango lenyewe.

Baba alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja aliyempenda kuliko wote, wa madoadoa, tuliyemwita Kabula. Juma lile alimpeleka mnadani ili injini ifufuliwe. Akarudi kwa miguu, kamba tupu begani. Akaiweka kwenye kiti changu cha gari akaingia ndani kulala. Hakunigombeza tena maisha yake yote, na hilo ndilo lililoniuma.

Sasa nikujibu, mwanangu. Weka ile ya joto ambalo gari lako lilizaliwa nalo. Soma kitabu chake, au soma namba ya ile ya zamani, na kabla hujaifunga itazame kwanza ndani ya sufuria. Gari likichemka, mtafute mgonjwa mwenyewe: osha rejeta, kagua pampu, kagua feni. Usimfiche kwa kuchagua namba ya baridi. Na atakayekwambia uitoe kabisa kwa kuwa kwetu ni joto, mpe shikamoo yake, kisha ondoka. Uamuzi wa hofu hufanana sana na busara. Mimi ulinidanganya miezi mingi.

Kamba ya Kabula iko kwenye msumari nyuma ya mlango. Ichukue, uiweke garini mwako. Mungu akupe safari njema, akupe subira ya kusimama langoni hadi umande ukauke, na asikupe kamwe kumwona mzazi wako akirudi na kamba tupu.